Mbugani bila nyama, maziwa wala mayai: maswali na majibu kuhusu afya

Vegani ni mtu asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama: nyama, kuku, samaki, maziwa, mayai, hata asali. Maswali haya yanawahusu wasafiri wa aina hiyo wanaokwenda Serengeti, Ngorongoro, Tarangire au Maasai Mara, pamoja na madereva na wapishi wanaowahudumia.

Siku tano mbugani bila nyama. Protini nitaitoa wapi?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, na ndilo lenye wasiwasi mdogo kuliko yote. Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji takribani gramu 48 za protini kwa siku, na kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15. Ongeza karanga za kukaanga, mbaazi za nazi, kisamvu kilichoungwa kwa karanga, umefika. Makande peke yake ni mlo uliokamilika: mahindi yana upungufu wa lisini, kijenzi kimojawapo cha protini, maharage yanayo kwa wingi.

Kinachokera ni kwamba wapishi wengi wa kambi wanavijua vyakula hivi tangu utotoni, ila wanadhani mgeni hawezi kuvipenda, basi wanamwekea tambi na karoti za kuchemsha. Mgeni analala njaa, na kesho yake anaambiwa kichwa kinamuuma kwa sababu ya jua. Agiza makande.

Nilisema sili nyama, nikaletewa kuku. Niseme nini?

Taja kimoja kimoja: sili kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa, siagi, samli. Samli hujificha kwenye chapati, siagi kwenye wali, maziwa kwenye supu ya maboga, mayai kwenye maandazi, na viungo vya mchuzi vya pakiti mara nyingi vina ladha ya ng'ombe au kuku. Chai iagize ya rangi. Orodha hiyo imfikie mpishi kabla gari halijatoka Arusha, maana ukishapita mji wa Karatu, njiani kuelekea Ngorongoro, maduka ni ya kuhesabu.

Na kama una mzio wa karanga au wa mayai, liseme hilo kando kabisa. Usichokula kwa hiari kikiingia sahani yako kwa bahati mbaya utaudhika. Mzio unaweza kukuua.

Mimi ni dereva. Mgeni wangu anakula saladi na matunda tu, na sasa anaharisha. Ni chakula cha mimea kinachomdhuru?

Ni mboga mbichi zilizooshwa kwa maji yasiyo salama, mara nyingi. Anayekula mimea tupu hula vitu vibichi vingi kuliko wenzake, kwa hiyo hupata pia nafasi nyingi zaidi za kumeza vijidudu. Mpe matunda anayomenya mwenyewe, kama ndizi, chungwa, parachichi na embe, na mboga zilizopikwa zikaliwa zikiwa moto. Kachumbari isubiri mahali ambapo unajua maji yake yanatoka wapi.

Kuna jambo wapishi wa kambi za ukingo wa Ngorongoro wanalijua kwa mikono yao. Pale juu ni kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100. Maji ya kunywa yaache yatokote dakika tatu, si moja kama inavyotosha pwani. Maharage nayo huchelewa sana kuiva. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na kuyapika kwa moto mdogo usiochemsha kunaweza kuizidisha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa moto mkali nusu saa au zaidi kabla ya kupunguza moto. Sufuria ya presha inamaliza ubishi.

Mgeni anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi: pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji salama, anywe kidogo kidogo. Ukiona damu kwenye kinyesi, homa, kutapika kila anachokunywa, au mkojo umekuwa haba, geuza gari kuelekea hospitali. Simba watakuwepo kesho. Na homa yoyote mbugani ipimwe malaria, hata kama unadhani ni tumbo.

Tumbo limejaa gesi na choo hakitoki. Maharage yamezidi?

Huenda, kama nyumbani huyazoei. Lakini uliza kwanza mgeni amekunywa maji kiasi gani. Wengi hujinyima maji makusudi kwa sababu hawataki kumsumbua dereva asimame wakachimbe dawa, na ndani ya hifadhi huwezi kushuka popote tu. Nyuzinyuzi nyingi bila maji ni choo kigumu, kichwa kuuma na, kwa wanawake hasa, maambukizi ya njia ya mkojo. Dereva atangaze mapema vyoo viko wapi, watu wanywe bila woga.

Dawa za malaria zina shida kwa asiyetumia vitu vya wanyama?

Ganda la kapsuli kwa kawaida ni jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Muulize mfamasia kama kuna vidonge, lakini usiache kinga kwa sababu ya ganda.

Doksisaiklini, mojawapo ya dawa za kinga ya malaria, usiimeze pamoja na vidonge vya madini ya chuma wala maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu, kwani huzuia dawa isifyonzwe. Acha saa mbili au tatu kati yake. Ukiugua malaria na kupewa dawa ya mseto ya ALu, utaambiwa unywe na maziwa. Kinachotakiwa pale ni mafuta, si ng'ombe. Parachichi, karanga au wali wa nazi vinafanya kazi hiyo katika kila dozi kati ya zile sita za siku tatu.

Vipi vitamini B12 na damu?

B12 ni vitamini ya kujenga damu inayopatikana kwenye vyakula vya wanyama. Safari ya wiki moja haikumalizii, kwani ini huhifadhi ya miaka. Ila kama ni vegani wa muda mrefu na humezi nyongeza, hilo ni tatizo la nyumbani, kalishughulikie. Ili madini ya chuma yafyonzwe vizuri, kamulia ndimu kwenye mchicha na usinywe chai papo hapo baada ya kula.

Tumekaribishwa boma la Wamaasai, nikapewa maziwa. Nikatae?

Pokea kwa mikono miwili, shukuru, mpe dereva, naye akuelezee kwa mwenyeji. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kuleta brusela, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, kwa hiyo hata anayekunywa maziwa ana haki ya kuuliza.

Naweza kuweka matunda na karanga hemani?

Usithubutu. Hata ndizi moja itaita tumbili mchana, na usiku wageni wakubwa zaidi. Akiba yako ilale garini au jikoni. Kwenye bwawa la Ngoitokitok, ndani ya kreta ya Ngorongoro, mwewe hunyakua chakula mkononi mwa mtu, basi kula ukiwa ndani ya gari. Tumbili akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo na umeona aibu kuchelewesha wenzako.