Utafiti wa kinga ya VVU: mwanamke ana usemi gani?

Kwa nini utafiti huu unawahusu wanawake kwa namna ya pekee?

Tazama hesabu za UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la Ukimwi, za mwaka 2023: katika kila watu 100 walioambukizwa upya kusini mwa Jangwa la Sahara, 62 walikuwa wanawake na wasichana. Maumbile yana sehemu yake, kwa kuwa utando wa uke ni mpana na shahawa hubaki humo kwa muda. Lakini maisha yana sehemu kubwa zaidi. Kuna binti mwenye mpenzi aliyemzidi umri kwa miaka kumi, na kuna mke ambaye akitaja kondomu tu anaulizwa, "Kwani unanishuku?" Kondomu inakinga vizuri, ila anayeivaa ni mwanamume. Ya kike ipo, lakini nayo haifichiki. Ndiyo sababu wanaharakati wamedai kwa miaka mingi kinga ambayo mwanamke anaitumia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mwanaharakati wa utafiti anafanya nini? Si ndiye anayewashawishi watu wajiandikishe?

Hapana, na wengi wanachanganya hapo. Mhamasishaji huchukua ujumbe wa watafiti akaupeleka kwa jamii. Mwanaharakati huchukua maswali ya jamii akayapeleka kwa watafiti, na haondoki mpaka ajibiwe.

Umuhimu wake ulionekana mwaka 2004 na 2005, pale majaribio ya dawa ya tenofoviri kama kinga yaliposimamishwa Kambodia na Kameruni baada ya malalamiko mazito. Watu waliuliza: mshiriki akiambukizwa katikati ya utafiti, nani atamtibu, na kwa muda gani? Aliyetia saini alielewa anachosaini? Mwaka 2007 UNAIDS na AVAC, shirika linalotetea kinga ya VVU, wakatoa mwongozo wa kuwashirikisha wanajamii katika majaribio ya kinga ya VVU. Leo vituo vingi vya utafiti vina bodi ya ushauri ya jamii, yaani wakazi wa kawaida wanaopitia mpango wa utafiti na fomu ya ridhaa kabla mtu wa kwanza hajasajiliwa.

Maswali mazuri ya bodi hizo mara nyingi ni madogo. Damu itakayotolewa ni vijiko vingapi? Nauli inatolewa siku ile ile au mpaka mwisho wa mwezi? Lango la kliniki linatazama wapi? Lango likitazama sokoni, na kila mtu anajua wanaoingia pale ni "wale wa utafiti wa Ukimwi", washiriki watapungua hata kama dawa ni nzuri kiasi gani.

Kuna mahali ambapo wanawake walibadili kweli mwelekeo wa sayansi?

Anza na jaribio la VOICE. Lilihusisha wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, waliopewa vidonge au jeli ya ukeni ya kutumia kila siku. Machi 2013 matokeo yalitangazwa: hakuna hata kimoja kilichokinga. Washiriki walikuwa wameripoti kutumia dawa karibu asilimia 90 ya siku, na hesabu ya vidonge vilivyorudishwa ilikubaliana nao. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana katika sampuli chini ya theluthi moja.

Wapo waliokimbilia kuwaita wanawake wale waongo. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uvivu wa kufikiri. Walipokuja kuulizwa kwa utulivu, majibu yao yalieleweka kabisa. Vidonge vile vinafanana na vya mgonjwa wa VVU, na mume akiviona nyumba inawaka moto. Mzima kumeza dawa kila siku ni jambo linalotia hofu. Zaidi ya hayo, hakuna aliyejua kama alichopewa ni dawa au plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Waliitaka kinga, kilichowashinda ni namna ilivyoletwa.

Baada ya hapo nguvu zikaelekezwa kwenye vitu visivyohitaji kukumbukwa kila siku wala kufichwa kabatini. Pete ya dapivirini, iliyokuwa tayari katika majaribio, ni mfano mmojawapo: duara laini la silikoni ambalo mwanamke hulikunja kwa vidole na kuliingiza mwenyewe ukeni. Dawa hutoka kidogo kidogo kwa mwezi mmoja, kisha anaweka nyingine. Mwaka 2016 majaribio mawili yalionyesha kwamba ilipunguza maambukizi kwa asilimia 27 na 31.

Asilimia 30? Hiyo nayo ni kinga?

Ukiilinganisha na sindano ya kinga ya VVU, tutakayoifikia hivi punde, ni kinga hafifu, hakuna haja ya kuficha. Kama unaweza kupata na kutumia kitu chenye nguvu zaidi, kichukue. Lakini yuko mwanamke ambaye vidonge vimemshinda na sindano haijafika kwao. Yeye chaguo lake ni pete au mikono mitupu. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza Januari 2021 kama nyongeza kwa kinga nyingine. Desemba mwaka huo maombi ya kuisajili Marekani yaliondolewa, baada ya mamlaka ya dawa ya huko kuonyesha kwamba hayangepita. Wanaharakati wa kike wa Afrika walikuja juu: uamuzi wa nchi ambayo hatari kwa mwanamke wa kawaida ni ndogo usitumike kufunga mlango wa kwetu. Zimbabwe na Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi zilizoisajili. Mwaka 2023, mjini Kampala, wanawake hao walizindua ilani inayodai kila mwanamke apewe orodha nzima ya kinga achague mwenyewe.

Ni kweli kuna sindano ambayo hakuna aliyeambukizwa akiitumia?

Katika jaribio la PURPOSE 1, ndiyo. Lilifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliochomwa lenakapaviri mara mbili kwa mwaka, hakuna aliyeambukizwa hadi matokeo yalipotangazwa Juni 2024. Kwa waliomeza Truvada, kidonge kilichozoeleka cha PrEP, yaani dawa anayotumia asiye na VVU ili asiambukizwe, waliambukizwa 16 kati ya 1,068.

Jaribio hilo lilikuwa na kundi la tatu, la kidonge cha Descovy, na hapo pana kisa. Mwaka 2019 Descovy ilisajiliwa Marekani kama kinga kwa wanaume, na pia kwa wanawake waliozaliwa na mwili wa kiume, ila si kwa mtu anayeweza kuambukizwa kupitia uke, kwa sababu utafiti wake haukumsajili hata mmoja. Wanaharakati walipiga kelele. Kilipopimwa hatimaye katika PURPOSE 1, waliambukizwa 39 kati ya 2,136, kiwango kisichotofautiana sana na cha watu wasiotumia chochote. Wengi hawakukimeza mara kwa mara, hadithi ile ile ya VOICE.

Jaribio hilo pia lilisajili wasichana wa miaka 16 na 17, na aliyepata ujauzito hakuondolewa. Aliulizwa kama anataka kuendelea. Wanaharakati walikuwa wakiyadai hayo kwa muda mrefu.

Wala sindano hii si chanjo. Haizuii mimba wala magonjwa mengine ya zinaa. Lazima upimwe VVU kwanza, na siku mbili za mwanzo unameza pia vidonge. Kinundu chini ya ngozi pale ulipochomwa ni jambo la kawaida.

Bei yake je?

Huko Marekani sindano hii ilianza kuuzwa kwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Kwa nchi 120 za kipato cha chini na cha kati, watengenezaji wa dawa za bei nafuu wametangaza kuiuza kwa takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Pengo kati ya namba hizo mbili halikuzibwa na huruma ya mtu, lilipiganiwa.

Kwa nini wajawazito huachwa nje ya tafiti?

Kwa kuogopa kumdhuru mtoto, na hofu hiyo ina msingi. Tatizo ni kwamba dawa ikishasajiliwa wajawazito wataitumia tu, bila mtu kujua lolote. Mei 2018 utafiti wa Botswana uliona kasoro za uti wa mgongo na ubongo kwa watoto 4 kati ya 426 ambao mama zao walishika mimba wakitumia dolutegraviri, dawa ya matibabu ya VVU. Baadhi ya nchi zikaanza kuwanyima dawa hiyo wanawake wote wa umri wa kuzaa. Julai mwaka huo wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali wakasema: tupeni taarifa, tutaamua wenyewe. Takwimu zilipoongezeka hatari ilionekana ndogo mno kuliko ilivyodhaniwa, na Julai 2019 WHO ikaipendekeza dawa hiyo kwa wote.

Sindano ya uzazi wa mpango inaongeza hatari ya VVU?

Utafiti wa ECHO, uliofanyika Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia kwa wanawake zaidi ya 7,800, ulilinganisha sindano ya miezi mitatu, kitanzi na kijiti. Mwaka 2019 ulionyesha kwamba tofauti kati yao si kubwa. Endelea na njia yako. Kilichonishtua mimi ni kingine: karibu wanawake 4 kati ya 100 waliambukizwa kila mwaka, njia yoyote waliyotumia. Walikuja kliniki kwa uzazi wa mpango. Dawa ya kinga ingeweza kukaa kwenye meza ile ile.

Nikialikwa kwenye utafiti, niulize nini?

Uliza nani ameupitisha, na kamati ya maadili inapatikana wapi. Uliza nikiumia nani atalipa, nikiambukizwa nitatibiwa wapi, nikipata mimba itakuwaje. Uliza dawa ikifaulu nitaendelea kuipata au nitasoma habari zake tu. Tangu Januari 2025 liongeze na hili: fedha zikikatika ghafla, mnanifanyia nini? Mwezi huo Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na Afrika Kusini kuna washiriki waliokuwa na pete za majaribio mwilini wakati kazi iliposimamishwa.

Chukua fomu uende nayo nyumbani, kaa nayo siku mbili tatu. Ukishajiunga bado unaweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu na bila kunyimwa huduma yako ya kawaida. Ukitoka, omba upewe majibu ya vipimo vyako vyote kwa maandishi.