Kompyuta ya 2011 inapokea Linux mpya, simu ya 2018 inakataa

Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba hivi, meza yangu hapa Mtwara mjini hujaa simu. Mnada ukishafanyika mkulima anasubiri ujumbe wa benki, na simu inayosumbua wakati huo humkosesha mtu usingizi. Msimu uliopita alikuja mama mmoja kutoka Nanyamba na simu janja aliyoinunua mwaka 2018. Nikamwamkia, akakaa, akaiweka mezani ikiwa imefungwa kwenye leso.

"Mwanangu, simu hii haijaanguka hata siku moja, wala haijaingia maji. Betri nimebadilisha mwaka jana tu. Sasa programu ya benki inasema simu yangu imepitwa na wakati. Imepitwaje, na mimi napiga na kupokea?"

Pembeni ya simu yake kulikuwa na kompyuta mpakato ya mwanafunzi wa chuo, yenye prosesa ya Intel ya mwaka 2011. Nilikuwa nimetoka kuiwekea Debian 12, mfumo wa Linux uliotolewa mwaka 2023. Kioo kiliwaka sawasawa, Wi-Fi ikashika, sauti ikatoka. Sikutafuta draiva hata moja. Mashine ya miaka yote hiyo imepokea mfumo mpya bila ubishi, na simu ndogo kwake kwa miaka saba imekwama kwenye Android 7. Swali la yule mama lilinikaa moyoni, na hapa najaribu kulijibu vizuri kuliko nilivyomjibu siku ile.

Mafundi wenzangu wengi wana jibu la haraka: kompyuta ni x86, simu ni ARM. Kuna ukweli ndani yake, ila halitoshi.

Usanifu wa prosesa ni lugha ya amri ambayo chipu inaielewa. x86 inatokana na chipu ya 8086 ya Intel, mwaka 1978. ARM ilizaliwa katika kampuni ya Acorn, Cambridge, Uingereza, na chipu yake ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1985. Biashara iliyoikuza ARM ni kuuza leseni: wenye viwanda kama Qualcomm, MediaTek na Samsung wanachukua usanifu huo, kisha wanaupachika kwenye chipu moja pamoja na kichakata picha, modemu (sehemu inayozungumza na mtandao wa simu), sehemu ya kamera na sehemu ya sauti. Kila kimoja kati ya hivyo kinahitaji draiva yake, yaani programu inayoieleza keneli namna ya kuzungumza nacho. Keneli ndiyo moyo wa mfumo, na Android nayo imejengwa juu ya keneli ya Linux.

Tofauti ya kweli kati ya kompyuta na simu inaanzia hapa. Kompyuta ya x86 ikiwashwa, vifaa vyake vinajitambulisha: mimi ni kadi fulani, nimetengenezwa na fulani. Ndani ya chipu ya simu, sehemu kubwa ya vifaa haijitambulishi. Lazima keneli iambiwe kabla kwamba kioo kipo mahali hapa, kitufe cha sauti kimeungwa kwenye mguu ule. Zamani kila mtengenezaji aliyaandika hayo moja kwa moja ndani ya nakala yake ya keneli, vurugu ikawa kubwa kiasi kwamba Machi 2011 Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani. Baada ya hapo dunia ya ARM ikahamia kwenye faili la maelezo linaloitwa device tree: orodha ya vifaa vya simu husika, iliyotengwa na keneli. Hilo lilipunguza vurugu. Draiva zenyewe zikabaki kama zilivyo.

Simu ya yule mama niliifungua. Nikaondoa ngao ya bati kwa hewa moto, nikatafuta kwenye bodi vitone viwili vidogo ambavyo kiwanda huvitumia kupimia, nikavichomelea nyaya nyembamba kama unywele na kuziunga na kompyuta yangu kupitia kigeuzi cha USB. Kwa njia hiyo simu ikiwaka unaisoma keneli ikijieleza mstari kwa mstari. Mstari wa mwanzo ulinitajia toleo: 3.18. Keneli hiyo ilitoka Desemba 2014. Simu mpya kabisa, iliyouzwa 2018, ilitoka dukani ikiwa tayari imebeba keneli ya miaka minne nyuma.

Kwa nini usiweke keneli mpya tu? Kwa sababu ndani ya Linux njia ambazo draiva huzungumza na keneli hubadilika kila mara. Draiva iliyomo ndani ya Linux kuu, yaani msimbo rasmi wa keneli unaotunzwa kwa pamoja, haidhuriki, maana anayebadilisha njia ndiye anayewajibika kuzirekebisha draiva zote zinazoitumia. Kompyuta ya yule mwanafunzi inaishi kwa utaratibu huo: draiva ya picha ya Intel iko wazi na imo ndani ya Linux kuu, hivyo imekuwa ikisukumwa mbele mwaka hadi mwaka na watu ambao hawatamjua kamwe kijana wa Mtwara. Draiva iliyobaki kwenye kabati la mtengenezaji haina wa kuisukuma. Keneli ikipiga hatua, yenyewe inabaki pale pale, na simu inabaki nayo.

Vichakata picha ndivyo vigumu kuliko vyote. Chukua Mali, kichakata picha kinachobuniwa na kampuni ya ARM. Sehemu ya draiva inayokaa ndani ya keneli wanaitoa wazi. Kazi nzito, ile ya kugeuza maelezo ya picha kuwa amri za chipu, imo kwenye faili lililofungwa, limeshajengwa tayari kwa toleo fulani la Android. Hulioni ndani, huligeuzi, hulijengi upya.

Nikisema usanifu si kiini cha tatizo, ushahidi upo hapa Afrika Mashariki. Januari 2013 Safaricom walileta Kenya simu iliyoitwa Yolo, yenye prosesa ya Intel Atom. Ile ilikuwa x86 ndani ya simu, ukoo mmoja na kompyuta ya mwanafunzi wangu. Lakini kichakata picha chake kilikuwa PowerVR, na draiva yake ilifungwa. Ukoo wa x86 haukuifaa kitu. Mwaka 2016 Intel wakaachana na chipu za Atom walizokuwa wakiziandalia simu.

Upande wa pili kuna Snapdragon 410 ya Qualcomm, chipu ya ARM ya hali ya kawaida kabisa, iliyomo kwenye simu nyingi za mwaka 2014 na 2015. Watu wa postmarketOS, mradi ulioanza mwaka 2017 wa kuweka Linux kwenye simu za zamani, wanaiendesha kwa keneli ya Linux ya sasa. Kichakata picha chake, Adreno, kina draiva huria iitwayo Freedreno, iliyoanzishwa na Rob Clark. Kwa hiyo ipo ARM ya zamani inayopokea keneli mpya, na ilikuwepo x86 iliyokwama. Kinachozitofautisha ni draiva.

Na draiva hizi huria hazikudondoka kama embe. Kwa Mali, Alyssa Rosenzweig na wenzake walikaa wakitazama amri ambazo draiva iliyofungwa inaipelekea chipu, wakabadilisha kitu kidogo, wakatazama tena, hadi wakaielewa lugha yake bila kupewa kitabu. Kazi yao, Panfrost, iliingia kwenye Linux 5.2 mwaka 2019, pamoja na Lima inayohudumia Mali za zamani. Nawaheshimu sana watu hawa. Baadaye ARM wenyewe walianza kuchangia Panfrost.

Siku hizi naulizwa kuhusu RISC-V, usanifu ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, ambao yeyote anaweza kuutumia bila kulipia leseni. Naufurahia. Ila uwazi wa lugha ya amri hauvuki ukaingia kwenye vifaa vilivyopachikwa pembeni. Chipu ya RISC-V ya JH7110, inayotumika kwenye bodi ndogo za kompyuta, ilikuja na kichakata picha cha ukoo ule ule wa PowerVR. Modemu nazo, kwa usanifu wowote, ndani yake bado ni giza.

Mtengenezaji mwenye nia anaweza kurefusha maisha ya simu. Fairphone 2 ilitoka 2015 na chipu ya Snapdragon 801, na mwenye chipu alipoacha kuihudumia, Fairphone waliendelea wenyewe hadi Android 10. Ilikuwa kazi kubwa, na isingekuwa kubwa hivyo kama draiva zingekuwa wazi tangu mwanzo. Leseni ya keneli ya Linux inamtaka anayeuza simu atoe msimbo wa keneli aliyoitumia. Mtengenezaji wa simu ya yule mama nimemwandikia mara mbili. Hajajibu.

Siku hizi mteja akiniomba nimtafutie simu iliyotumika, kabla ya kuangalia kamera natazama jina la chipu na kama imo kwenye Linux kuu. Yule mama nilimpatia moja ya namna hiyo, na kwa mambo ya benki nikamwonyesha pia menyu ya kubonyeza nyota, ili siku yoyote asikwame. Simu yake ya zamani aliniachia. "Kama kuna la kujifunza humo, jifunze, baba."

Nimeanza kuiandikia device tree. Wiki iliyopita keneli mpya iliwaka ndani yake, ikahesabu viini vyote vinne vya prosesa na kuiona kadi ya kumbukumbu, yote nikiyasoma kupitia zile nyaya mbili. Kioo bado ni cheusi. Mfuatano wa amri za kukiwasha nimeupata ndani ya keneli ya zamani, byte baada ya byte, na nitaujaribu Jumamosi jioni nikishafunga duka.