Sanamu ya theluji ya Dartmouth imekosa mikono

Tamasha la Winter Carnival la Chuo cha Dartmouth, mjini Hanover, New Hampshire, lilianza mwaka 1911. Kivutio chake kikubwa ni sanamu ya theluji katikati ya uwanja wa chuo. Ile ya 1987 ilipita mita 14. Siku hizi zinazojengwa ni ndogo mno, na wanaojitokeza kufanya kazi ni wachache. Wengi hulaumu joto au uvivu wa vijana. Joto limechangia, sikatai, lakini anza na hesabu ya kazi yenyewe.

Sanamu ya mita 6 kwenda juu, yenye wastani wa mita 3 kwa 3, ni mita za ujazo 54. Theluji mpya ina kilo 100 hivi kwa mita ya ujazo; ikishindiliwa hufika 500. Kwa hiyo utakusanya mita za ujazo 270, tani 27 za kupandisha kwa sepetu na ndoo. Lori likikuletea theluji ya maegesho ya magari, ikague kwanza: chumvi ya barabarani huiyeyusha kwa ndani, na kokoto huharibu makali ya patasi.

Hujengwa ndani ya fomu za mbao, kama za kumwagia nguzo ya zege. Jaza tabaka la sentimita 20 hadi 30, nyunyiza maji, kanyaga kwa buti, kisha ongeza jingine. Wanaoharakisha hujaza nusu mita kwa mkupuo. Juu hukaza, chini hubaki unga, na fomu zikitolewa ubavu mzima huporomoka. Acha igande usiku kucha kabla ya kufungua. Chonga kuanzia juu, la sivyo mabaki yataangukia sehemu uliyokwisha kumaliza. Pua, vidole na kucha hubandikwa kwa uji wa theluji na maji, mzito wa kushikika kiganjani. Ukizidisha maji, uji huo huteleza na kudondoka. Upande wa kusini hupigwa na jua, kwa hiyo uongezee unene, maana ndiko sanamu huanza kuinama.

Mambo haya hujifunzwa kwa kufanya, na hapo ndipo mnyororo ulipokatika. Tangu miaka ya 1970 chuo kina mihula minne, na wanafunzi hupanga wenyewe mihula ya kuwa nje. Wa mwaka wa kwanza na wa mwisho huwapo majira ya baridi. Wa katikati, ambao wangepaswa kurithi ufundi na kuufundisha, ndio walio kwenye ajira za muda au masomo ng'ambo. Muhula wenyewe ni wa wiki kumi, na tamasha la Februari huangukia katikati ya mitihani.

Kujirusha majini kupitia tundu la barafu katika bwawa la Occom, kivutio kingine cha tamasha hilohilo, kwa upande mwingine hakukosi foleni. Huko ni dakika moja, taulo, basi.

Kamati ikiniuliza, ningesema wajenge ya mita 3, yenye kitako cha 2 kwa 2: tani 6 tu. Na fomu zihifadhiwe ghalani zikiwa na namba, ili atakayekuja mwakani ajue ubao upi unakaa wapi.