Sheria za mazizi ya mifugo Minnesota: yanayoaminika na yalivyo

Kaunti nyingi za Minnesota, Marekani, zina sheria ndogo zinazoamua zizi la kunenepeshea ng'ombe au nguruwe lijengwe wapi, liwe na mifugo kiasi gani na likae mbali kiasi gani na nyumba za watu. Sheria hizo zinapofanyiwa marekebisho, wananchi hulalamika kwamba wamefichwa. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi kilichowapita kilikuwa kimeandikwa kwenye rasimu.

Dhana: "Walibadilisha kimyakimya, hakuna aliyetangaziwa."

Sura ya 394 ya sheria za jimbo inataka mkutano wa hadhara kabla ya marekebisho kupitishwa, na tangazo litoke angalau siku 10 kabla. Linatoka kwenye gazeti rasmi la kaunti, kwa herufi ndogo, na linaweza kusema tu "marekebisho ya kifungu fulani" bila kutaja mnyama hata mmoja. Tangazo la namna hiyo linatimiza wajibu kwenye karatasi, lakini msomaji wa kawaida halimwambii chochote.

Kuna dalili ya mapema zaidi ambayo wachache huifuatilia. Kaunti inayotaka kugusa sheria ya mazizi lazima iwaarifu Wakala wa Udhibiti wa Uchafuzi wa jimbo na kamishna wa kilimo mwanzoni mwa mchakato, na isichelewe kupita tangazo la mkutano wa kwanza. Uliza ofisi ya mipango kama barua hizo zimeshatumwa. Bodi ya kaunti, yaani wajumbe waliochaguliwa wanaopitisha sheria hizi, inaweza pia kuziomba taasisi hizo mbili ripoti ya athari za vifungu kwa mazingira na kilimo. Kama haikuomba, hilo ni swali halali la kuuliza mkutanoni.

Dhana: "Kikomo cha 1,500 maana yake ng'ombe 1,500."

Kinachohesabiwa ni uniti za mifugo, si vichwa. Ng'ombe wa maziwa aliyekomaa, mwenye uzito wa zaidi ya pauni 1,000, ni uniti 1.4. Ng'ombe wa kuchinjwa ni 1.0. Nguruwe wa kati ya pauni 55 na 300 ni 0.3. Basi kikomo cha 1,500, kile kilichogombewa Kaunti ya Winona mwaka 2019, ni ng'ombe wa maziwa 1,071 au nguruwe 5,000. Rasimu ikishusha 1.4 iwe 1.0, ng'ombe 429 wanaingia bila mtu kugusa namba 1,500. Angalia pia kikomo kinahesabiwa kwa zizi, kwa kiwanja au kwa mmiliki. Neno moja hapo linaweza kuruhusu mazizi mawili yakae jirani, kila moja chini ya kikomo chake. Kwa hiyo sura ya tafsiri ya maneno isomwe kwanza, hata kama inachosha.

Dhana: "Umbali kutoka nyumba za watu unambana mfugaji peke yake."

Unambana jirani pia. Sheria ndogo ikiweka umbali kati ya zizi jipya na nyumba zilizopo, lazima iweke umbali uleule kwa nyumba mpya inayotaka kujengwa karibu na zizi lililopo kwenye eneo la kilimo, isipokuwa nyumba hiyo inachukua nafasi ya nyingine. Anayepigia kelele umbali uongezwe maradufu aangalie kwanza kiwanja alichomwekea mwanawe.

Baadhi ya kaunti hupima umbali kwa OFFSET, kikokotoo cha harufu cha Chuo Kikuu cha Minnesota. Kinatumia aina na ukubwa wa chanzo cha harufu, halafu kinatoa umbali kulingana na asilimia ya muda ambao jirani hatakereka. Ukishusha asilimia hiyo kutoka 99 hadi 94, zizi linasogea karibu, na kwenye rasimu badiliko hilo ni tarakimu moja tu.

Dhana: "Tusubiri mradi uje, tutaupinga siku ya kibali."

Hapo umeshachelewa. Bodi inapotunga sheria ina uhuru mpana wa kuchagua sera. Inapoamua ombi la kibali, inapima ombi dhidi ya masharti yaliyokwisha kuandikwa, na malalamiko ya jumla kwamba watu hawalitaki zizi hayatoshi kuwa sababu ya kukataa. Saa nayo inakimbia: kifungu cha 15.99 cha sheria za jimbo kinaipa kaunti siku 60 za kuamua ombi, na inaweza kuziongeza kwa taarifa ya maandishi. Siku zikipita bila uamuzi, ombi linahesabiwa limekubaliwa. Siku ya kibali lete ushahidi unaogusa sharti mahususi, kwa mfano kisima cha nyumbani kilicho ndani ya futi 100, au shimo la kudidimia (ardhi iliyobomoka kuingia chini) ndani ya futi 300 kwenye miamba ya chokaa ya kusini-mashariki.

Dhana: "Nyaraka hawatoi bila sababu."

Hulazimiki kutaja jina lako wala sababu, isipokuwa inapohitajika ili wakutafutie hati. Kuzisoma pale ofisini ni bure. Nakala nyeusi-nyeupe, hadi kurasa 100, haizidi senti 25 kwa ukurasa. Kikaoni pia, nakala moja ya makabrasha waliyopewa wajumbe lazima iwepo chumbani kwa ajili ya umma, na mjumbe anayevunja kwa makusudi sheria ya vikao vya wazi anaweza kutozwa faini isiyozidi dola 300.

Omba rasimu inayoonyesha yaliyofutwa na yaliyoongezwa, kisha maoni ya taasisi za jimbo, kisha mihutasari ya tume ya mipango. Mwisho, omba toleo lililotangazwa na toleo lililopigiwa kura, uyalinganishe mstari kwa mstari. Yakitofautiana kwa namba au tafsiri, mwulize mwanasheria wa kaunti, kwa maandishi, kwa nini hapakuwa na tangazo jipya.