Je, wajua? Oksijeni ya kilele cha Kilimanjaro ni asilimia ileile ya Tanga

Swali ni hili: kwa nini safari ya Kilimanjaro hupangwa kwa siku sita, saba au nane, wakati umbali wenyewe mtu mwenye miguu mizuri angeumaliza mapema zaidi? Jibu linalosikika kila mahali ni kwamba kule juu oksijeni imepungua, hewa ni "ya aina nyingine". Nusu ya jibu hilo si kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapotosha wengi wanapopanga safari.

Chota hewa kilele cha Uhuru, mita 5,895, uipime. Utakuta oksijeni karibu asilimia 21 na naitrojeni asilimia 78, sawasawa na ufukweni Tanga. Hewa ya dunia huchanganywa bila kukoma, kiasi kwamba uwiano huo haubadiliki hadi makumi ya kilomita juu ya vichwa vyetu. Kilimanjaro haifikii hata kilomita sita.

Kinachopungua ni mgandamizo. Panga magodoro ya sponji kumi, moja juu ya jingine. La chini kabisa litabonyea kwa uzito wa yote yaliyo juu yake. La juu litabaki limetuna. Sponji ni ileile, lakini ukikata kipande cha ukubwa wa ngumi kutoka godoro la chini utapata sponji nyingi zaidi kuliko kipande cha ukubwa huohuo kutoka la juu. Sisi wa pwani tunaishi kwenye godoro la chini. Aliyeko Uhuru ameacha karibu nusu ya uzito wa hewa chini yake, kwa hiyo kila pumzi anayovuta, hata akijaza kifua, ina karibu nusu tu ya oksijeni aliyoizoea.

Unaweza kuliona hili kwa macho. Pakiti ya krispi iliyonunuliwa Moshi hufika kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, imevimba kama inataka kupasuka. Halafu kunywa maji ya chupa ya plastiki hukohuko Barafu, funga kizibo vizuri, shuka nayo. Ukifika lango la Mweka, chini ya mlima, itakuwa imekunjamana, mbavu zimeingia ndani, ingawa hakuna aliyeiminya ila hewa ya chini.

La kushangaza zaidi: tabaka la hewa ni nene kwenye ikweta kuliko karibu na ncha za dunia. Kilimanjaro, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, ina mgandamizo mkubwa kidogo kuliko mlima wa kimo hichohicho ulio mbali kaskazini, kule Alaska kwa mfano.

Sasa mwili hufanya nini? Shingoni, pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika kuelekea kichwani, kuna vihisio vinavyopima oksijeni. Ikishuka, vinaamuru upumue zaidi. Lakini ukipumua zaidi unatoa pia hewa ukaa nyingi, na hewa ukaa ndiyo inayoipa damu sehemu ya uasidi wake. Uasidi unashuka, ubongo unagundua, unaamuru upumue kidogo. Amri mbili zinagongana. Ndiyo maana usiku kwenye kambi za Horombo au Karanga utamsikia mwenzako akihema harakaharaka, kisha kimya kwa sekunde kadhaa, kisha anavuta pumzi kwa kishindo. Inatisha, lakini peke yake si dalili ya hatari.

Mgogoro huo unamalizwa na figo. Zinatoa bikaboneti, kemikali inayopunguza uasidi wa damu, kupitia mkojo, uasidi wa damu unarudi mahali pake, breki ya kupumua inalegea. Kukojoa mara kwa mara siku za mwanzo, basi, ni habari njema. Shida ni kwamba figo hazina haraka: kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Dawa ya Diamox inaziharakisha, ila izungumzeni na daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Wengi hudhani siku hizo ni za "kuongeza damu". Homoni ya kuagiza chembe nyekundu hupanda ndani ya saa chache, kweli, lakini chembe mpya za kutosha huchukua wiki. Utakuwa umesharudi nyumbani.

Hapo ndipo mpango wa safari unapoonekana kwa sura nyingine. Mwongozo wa kitabibu unashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku tatu au nne pawe na mapumziko. Njia ya Marangu inatoka Mandara, karibu mita 2,700, hadi Horombo, karibu 3,700, hadi Kibo, karibu 4,700. Ni mita elfu kila siku. Anayelala Horombo usiku wa pili anazipa figo zake siku moja zaidi, na kwa maoni yangu hakuna fedha inayotumika vizuri zaidi mlimani, hata kama ada za hifadhi hulipwa kwa siku. Njia ya Machame inapita Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha inashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000: panda juu, lala chini.

Mazoezi yanasaidia miguu na moyo, hayazuii ugonjwa wa mwinuko, yaani madhara ya mwili kukosa oksijeni ya kutosha kule juu. Vijana wenye nguvu huugua vilevile, na mara nyingi kwa sababu wanamwacha nyuma kiongozi anayewasihi waende polepole. Kuhusu supu ya kitunguu saumu na chai ya tangawizi, ushahidi ni mwembamba; zinapasha mwili joto na kukufanya unywe, na hilo linatosha kuzipenda.

Kichwa kikiuma, usipande zaidi hadi kitulie. Mtu akianza kuyumba, akashindwa kutembea kwenye mstari kisigino kwa kidole, au akikosa pumzi hata akiwa amekaa, ateremshwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na kilele kinaonekana.