Chura wa Kihansi: yanayosemwa na yalivyo

Mkubwa wao hafiki sentimita 3, lakini porojo alizozushiwa chura huyu wa manjano zingemtosha tembo.

Uvumi mkubwa ni kwamba bwawa la umeme ndilo lililomuua, basi. Huo ni nusu ya ukweli. Zamani Mto Kihansi uliporomoka kwenye korongo la milima ya Udzungwa, Tanzania, ukirusha manyunyu usiku na mchana, yakalowesha majani na miamba kwenye eneo la hekta 2 hivi. Hapo ndipo chura huyu alipogunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa tayari mbioni, na hajawahi kukutwa porini penginepo duniani. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji iliachishwa njia yake ya asili. Majani yakakauka, vyura wakapungua.

Wengi hukomea hapo. Wanasahau kwamba yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, vyura wakaongezeka tena, hata katikati ya 2003 wakakadiriwa kufika 20,000. Halafu ndani ya miezi michache wakapukutika. Uligunduliwa ugonjwa wa kuvu ushambuliao ngozi, na kwa chura ngozi si vazi tu: huipumulia na kuinywea maji. Mwaka huohuo bwawa lilifunguliwa kutoa tope, na dawa za wadudu za mashambani zikashukiwa kushuka na maji hayo. Kwa maoni yangu, anayelitaja bwawa peke yake anakisamehe kuvu bure, na anayetaja kuvu tu anausamehe mradi.

Wengine hudhani chura ni chura, lazima atage majini. Huyu hatagi. Mimba hutungwa ndani ya tumbo la mama, naye huzaa vichanga waliokamilika, wenye urefu wa milimita 5 hivi. Viluwiluwi hakuna. Ngozi ya tumbo la jike hupitisha mwanga, kwa hiyo akiwa na mimba unaweza kuwaona watoto kwa nje, bila kipimo chochote cha hospitali!

Kisha kuna hili la "tuliwauza Marekani". Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kwa ridhaa ya serikali ya Tanzania, ili akiba isipotee. Nusura ipotee hukohuko: kufikia mwisho wa 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70. Walitaka taa maalumu, maji yaliyochujwa na manyunyu ya mara kwa mara, na wafugaji walijifunza hayo vyura wakiendelea kufa. Baadaye walizaana vizuri, Bronx na katika bustani ya Toledo, Ohio. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi nchini, wakapokelewa katika kituo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza.

Anayesema ametoweka kabisa huenda alisoma kichwa cha habari cha 2009, mwaka ambao IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ilimweka kwenye kundi la waliotoweka porini. Neno "porini" ndilo huachwa. Wakati huo walikuwa hai kwenye vizimba vya Marekani, na wanaorudishwa Kihansi sasa wanategemea manyunyu ya mabomba, maana maji mengi ya mto bado yanakwenda kwenye mitambo.