Mpapai dume na mpapai jike: je, dawa iko kwenye jinsi ya mti?

Swali: Mpapai dume hutambuliwaje?

Jibu: Kwa maua yake, ambayo ni madogo, mengi, na huning'inia kwenye vikonyo virefu. Ua la jike ni kubwa, limekaa karibu na shina, na ukilipasua utakuta kitunda kichanga ndani. Iko pia mipapai ya aina ya tatu, yenye jinsi zote mbili katika ua moja. Kabla mti haujachanua, jicho halibainishi chochote.

Swali: Je, ni kweli kwamba majani ya dume yana nguvu zaidi kwa kuwa mti huo hauzai?

Jibu: Dhana hiyo inaeleweka, lakini kutozaa peke yake si ushahidi. Mipapai ya jinsi zote hutengeneza karpaini, kemikali chungu ya kundi la alkaloidi iliyomo majanini, na kiasi chake hutegemea mambo kama umri wa jani na aina ya mbegu. Kwenye bangi, kwa kulinganisha, jinsi ina uzito kweli, kwani kemikali inayolevya hujikusanya zaidi katika maua ya mmea jike.

Swali: Basi hakuna tofauti yoyote?

Jibu: Ipo, nayo inatokana na tunda. Ukichanja papai bichi kwa kisu, utomvu mweupe hutiririka papo hapo, na ndani yake mna papaini, kimeng'enya kinachovunjavunja protini. Ndiyo maana wachoma mishikaki hupaka papai bichi kwenye nyama ngumu, na wakiisahau kwa muda mrefu hulegea hadi kupoteza umbo. Dume, ambaye kwa kawaida hana tunda, hana chanzo hicho. Na tunda likiiva, utomvu huo hupungua sana hata kwa jike.

Swali: Nani ajihadhari?

Jibu: Mjamzito aepuke papai bichi na utomvu wake, kwa kuwa majaribio ya maabara yaliyofanywa kwa panya yameonyesha kwamba utomvu huo husababisha misuli ya mfuko wa uzazi kubana; lakini papai lililoiva vizuri halina shaka hiyo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amweleze daktari kabla ya kunywa maji ya majani ya mpapai. Kwa malaria, majani hayo, yawe ya dume au ya jike, hayachukui nafasi ya kipimo na dawa mseto, hasa mgonjwa akiwa mtoto mdogo, ambaye hali yake inaweza kubadilika ndani ya saa chache.